Huyu ni nani? Kuhusu michoro ya penseli ya watu wasiotajwa majina

Shangazi yangu alipofika kwangu Tabata akitokea Tanga, hata mtandio hajavua, alisimama mbele ya ukuta wa sebuleni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu ni nani? Mbona sikuambiwa?" Alidhani kuna msiba umempita.

Ukutani pana mchoro wa penseli, mkubwa kiasi cha gazeti lililofunuliwa. Mzee amekaa, kavaa kofia ya mkono, macho ameyapeleka pembeni, mikono yote miwili imelala magotini. Nilimjibu shangazi kwamba simjui, si ndugu yetu, na kwa ninavyofahamu yu hai. Akanitazama mimi, akamtazama mzee. "Sasa umemweka ndani wa nini?"

Swali lake ni la haki kabisa. Majumbani mwetu mchoro wa penseli wenye fremu una kazi inayojulikana: ni bibi na bwana harusi, ni mtoto aliyehitimu, ni kiongozi wa nchi, au ni marehemu. Vijana wengi wa Dar es Salaam wanaoishi kwa penseli hufanya kazi hiyo hiyo. Unamtumia picha kwa WhatsApp, unatanguliza sehemu ya malipo, baada ya siku kadhaa unaletewa mtu wako. Kwa hiyo anapotokea kwenye karatasi mtu ambaye hakuna anayemjua, akili inaanza kumtafutia mwenyewe. Ikishindwa, inaanza kushuku. Nimesikia yote: hiyo ni picha ya kamera, msitudanganye, hiyo ni akili mnemba, kijana ana kipaji, lakini si angechora mtu maarufu auze?

Naipenda sana sanaa hii, na nadhani inadhulumiwa kwa sababu hatujaelezana vizuri inavyofanya kazi. Nijaribu.

Tuanze na maneno. Mchoro wa uhalisia ni ule unaojitahidi kuonyesha mtu kama jicho linavyomwona: uzito wake, mwanga uliomwangukia, mkunjo wa shati lake. Ukizidi hapo, ukaonyesha vitundu vya ngozi na kila unywele wa kope, yaani vitu ambavyo jicho halivishiki kwa mtazamo mmoja, watu huuita uhalisia uliopitiliza. Na mtu asiyetajwa ni yule ambaye jina lake si sehemu ya kazi. Sikusema mtu asiyekuwepo. Mara nyingi yupo, anaishi, pengine mchoraji anamjua vizuri, ila jina halikuletwa mbele yako.

Picha ya pasipoti inajibu swali moja tu: ni nani? Sasa mfikirie abiria uliyetazamana naye kwenye pantoni, mnavuka kwenda Kigamboni. Umeona viatu vyake vilivyoliwa upande mmoja, umeona alivyoshika begi la shule la mtoto kama kitu cha kuvunjika, umeona usingizi ukimvizia. Jina lake hulijui na hutalijua. Lakini hakuna anayeweza kukuambia kwamba hukumwona. Mchoro wa mtu asiyetajwa unasimama mahali pa huyo abiria.

Kilichomo ndani ya penseli

Wapo wazazi wanaomkanya mtoto asing'ate penseli kwa sababu "ina risasi", ile metali yenye sumu. Hata Kiswahili kiliwahi kulibeba kosa hilo, kwani wazee waliiita kalamu ya risasi. Kitovu cha penseli si risasi. Ni kinywe, madini yale yale tunayoyasikia kwenye taarifa za habari kutoka Ruangwa mkoani Lindi, Mahenge mkoani Morogoro, na hata Merelani inakochimbwa tanzanaiti. Siku hizi kinywe kinazungumzwa zaidi kwa sababu ya betri, mpaka tunasahau kwamba kila mtoto wa shule anacho kwenye mkoba.

Kosa lilianzia mbali. Kinywe safi kilipopatikana Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 16, watu walikiona cheusi, kinang'aa, kinaandika, wakakidhania kuwa aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi Sweden, alionyesha kwamba ni kaboni, ndugu wa mkaa na almasi. Jina lilikuwa limeshakwama midomoni mwa watu.

Kinywe kimeumbwa kwa tabaka nyembamba mno zinazoteleza moja juu ya nyingine, kama chapati zilizopangwa na kupakwa mafuta. Ukipitisha penseli, chapati za juu zinabaki kwenye karatasi. Kikiwa peke yake ni laini kupita kiasi. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, kisha kuuoka, kwa sababu vita vilikuwa vimeikatia Ufaransa kinywe cha Uingereza. Mpaka leo penseli hutengenezwa kwa misingi hiyo. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu: hizo ni za herufi H. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi: hizo ni za herufi B. Ile HB ya shuleni iko katikati. Mchoraji wa uhalisia huwa nazo nyingi, kutoka ngumu inayoacha alama kama pumzi kwenye kioo, hadi laini inayochafua vidole.

Vikombe vya chai

Mchoraji wa penseli hana rangi. Alichonacho ni kukolea na kutokolea.

Panga vikombe kumi mezani. Cha kwanza kina maji ya moto matupu, cha pili kimeguswa na majani kidogo, hivyo hivyo hadi cha kumi, chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni ikawa nyeusi. Uso wa mtu, kwa mchoraji, ni vikombe hivyo vilivyotawanywa: cha pili kwenye ncha ya pua, cha sita chini ya kidevu, cha tisa puani. Kazi yake yote ni kuweka kikombe sahihi mahali sahihi.

Ndiyo maana michoro hii haina mistari. Mtazame mtu aliye karibu nawe sasa hivi, ubavuni mwa pua yake. Hakuna mstari pale. Kuna mahali ambapo upande uliokolea unakutana na upande usiokolea, basi. Mtoto huchora mstari kwa sababu anajua pua ina mwisho. Mchoraji wa uhalisia hutumia miaka kuacha kuchora anachokijua na kuanza kuchora anachokiona, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Kukoleza kwenyewe hakufanywi kwa kukandamiza. Ukikandamiza, karatasi inaingia mfereji, kinywe kinang'aa kama sufuria lililosuguliwa, na hapo hapatengenezeki tena. Hupakwa tabaka juu ya tabaka, kwa mkono mwepesi, kama ukuta unavyopakwa rangi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine hulainisha kwa kijiti cha karatasi iliyosokotwa, pamba ya masikioni au tishu. Na chini ya kiganja pana karatasi nyingine safi, maana jasho la Dar es Salaam linaweza kufuta kazi ya wiki kwa mguso mmoja.

Na weupe je? Weupe ni karatasi yenyewe. Kile kimwanga kilichomo jichoni mwa mzee wangu, kinachofanya uhisi amepumua, hakikuchorwa. Ni karatasi tupu iliyolindwa tangu siku ya kwanza, kama mpishi anavyotenga tui zito la kutilia mwisho. Mvi na nyuzi za kofia mara nyingi huchorwa kwa raba iliyokatwa ikawa na ncha kali: kwanza unakoleza, halafu unachomoa mwanga. Mgeni akiambiwa kwamba raba ni chombo cha kuchorea, huwa haamini.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona thamani kubwa ya kazi ya vijana wetu. Anayeanza, akipewa uso wa mtu mweusi, hukoleza kila mahali. Anafikiri weusi wa ngozi ni kikombe kimoja. Anachopata ni kivuli cha mtu ukutani. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa ukali: kwenye paji, kwenye kifupa cha shavu, kwenye mdomo wa chini, panawaka. Na hatua chache tu pembeni pamezama. Ndani ya upana wa kidole umetoka kikombe cha pili ukafika cha tisa. Umbo la uso mweupe unaweza kulisoma kwa kufuata vivuli. La uso mweusi unalisoma zaidi kwa kufuata miali. Mafunzo ya zamani ya Ulaya yalimweka mwanafunzi mbele ya vichwa vya plasta nyeupe achore mpaka achoke. Aliyejifunza kwa njia hiyo pekee, akija kumchora muuza samaki wa Feri, lazima aanze upya.

Saa pia ina neno lake. Jua la saa saba mchana jijini humu linashuka utosini, matundu ya macho yanageuka mashimo, chini ya pua panaingia giza. Wachoraji wazuri huwasubiri watu wao saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au huwakalisha karibu na mlango, mwanga uingie kwa upande mmoja. Ukitazama michoro mikubwa ya Arinze Stanley wa Nigeria, au ya Kelvin Okafor wa London mwenye asili ya Nigeria, utaona jinsi mwanga unavyofanyishwa kazi kwenye ngozi nyeusi. Baada ya hapo huwezi tena kusema "amepaka nyeusi tu".

"Si amenakili picha tu?"

Ndiyo, wengi huanza na picha ya kamera. Hakuna mzee atakayekaa kwenye kiti bila kutikisika kwa wiki kadhaa. Wengi pia huigawa picha hiyo kwa miraba midogo, na karatasi nayo, kisha huhamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Hilo si ujanja wa kizazi cha simu. Wamisri wa kale walipiga miraba ya rangi nyekundu ukutani kabla ya kuchora watu wao.

Lakini miraba inakupa mahali pa sikio. Haikupi sikio. Fundi cherehani wa Kariakoo akiwa na karatasi ya vipimo hajashona gauni bado.

Zaidi ya hapo, kamera hukosea, na mchoraji anapaswa kujua inakosea wapi. Simu ikiwa karibu na uso huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Shati jeusi huligeuza bonge moja la giza. Paji linalong'aa hulichoma likawa doa tupu. Aliyekaa na mtu wake, akamwona akicheka na kunyamaza, anarudisha mikunjo iliyomezwa na giza na kupunguza pua iliyovimbishwa. Kisha anaamua cha kuacha. Nyuma ya mzee wangu hakuna kitu: hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna boti. Kamera isingeweza kumpiga pale alipokuwa bila kuchukua na vilivyomzunguka.

Kuna namna ya kutofautisha ukiwa na kazi yenyewe mkononi. Iinamishe kidogo dirishani. Kinywe kina mng'ao wa kijivu, kwa hiyo sehemu zilizokolea sana zitameta. Ndiyo sababu wachoraji wengine huweka mkaa kwenye giza zito, maana mkaa haumeti. Sogea karibu utaona chembe za karatasi zikiwa zimeshika kinywe na mabonde yake yamebaki meupe. Picha ya akili mnemba haina karatasi ya kuinamisha. Ukiwa na simu tu, mwombe mchoraji akuonyeshe kazi kwa pembeni, mwanga ukiwa umeilalia, au hatua ambayo jicho moja limekamilika na la pili bado ni miraba. Wengi hufurahi kuombwa hivyo.

Kwa nini hana jina

Nenda Mwenge kwenye vinyago. Utamkuta mzee wa mpingo, kajikunja, mkongojo mkononi. Hakuna mnunuzi anayeuliza mzee huyo ni wa ukoo gani. Nenda mbali zaidi, kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Pale kuna watu warefu wembamba, wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa. Hatujui hata mmoja wao aliitwa nani, na tunawaonyesha watoto wetu kwa fahari. Kwa hiyo si kweli kwamba kumchora mtu bila jina ni jambo geni lililoletwa juzi na mitandao.

Kinachotutatiza ni penseli kufanana na picha ya kamera. Picha ya kamera kwetu ni ushahidi. Iko kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye leseni, kwenye tangazo la msiba, kwenye bango la mgombea. Tukiona uso ulio halisi kiasi kile, tunadai jina kama askari wa barabarani anavyodai leseni. Kinyago hakitukumbushi kitambulisho, kwa hiyo tunakiacha kipite.

Waholanzi wa karne ya 17 walikuwa na neno kwa kazi za namna hii: tronie, yaani sura. Ilikuwa picha ya uso uliochorwa kwa ajili ya uso wenyewe, hali yake au vazi lake. Haikukusudiwa kumtambulisha fulani. Yule msichana mwenye kilemba na hereni ya lulu aliyechorwa na Johannes Vermeer mnamo mwaka 1665, aliyepo jumba la Mauritshuis mjini The Hague, ni tronie. Alikuwa nani, hakuna ajuaye kwa hakika. Watu wanapanga foleni kumwona. Karibu na zama zetu, kuanzia mwaka 1979, Mmarekani Robert Longo alichora kwa mkaa na kinywe watu wakubwa kuliko kimo cha kawaida, wamevaa nguo za ofisini, miili imepinda kama wanacheza au wamepigwa risasi, nyuma yao weupe mtupu. Alikuwa amewapiga picha marafiki zake juu ya paa la jengo mjini New York, akiwarushia vitu na kuwavuta kwa kamba ili wapepesuke. Ukiwa mbele ya karatasi, urafiki huo hauuoni. Unauona mwili tu, na unabaki kujiuliza kama ni furaha au ni kifo.

Kutokuwa na jina kwenyewe kuna namna zake. Pengine mtu ni halisi na ameomba asitajwe, kama mzee wangu. Pengine uso umeungwa kutoka kwa watu watatu: macho ya huyu, taya la yule. Pengine uso haupo kabisa, umepewa mgongo wa mama aliyefunga kanga, au mkono wa konda ulioshika mlango wa daladala. Huyo wa mwisho huwa ananigusa kuliko wote, sijui ni kwa sababu nimewahi kuutazama mkono huo kila asubuhi.

Sasa lile la mtu maarufu. Ukichora mtu anayejulikana na taifa zima, mtazamaji ana kipimo mfukoni. Anatazama sekunde mbili, anasema "kamtoa kweli kweli", anapita. Sifa imepatikana na kutazama kumekwisha. Ukichora asiyejulikana, hakuna wa kulinganisha naye. Mchoraji amejinyima makofi yaliyo rahisi kuliko yote, na mtazamaji amebaki na karatasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mchoraji anapopimwa: uso usiodaiwa kufanana na mtu, je, bado unakuzuia kupita?

Asiyetajwa hata hivyo si mtu asiye na haki, na hapa wachoraji wetu wengine wanateleza. Picha uliyoiokota mtandaoni ina mpiga picha wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha za kamera kama inavyoilinda michoro yako. Na aliyemo kwenye picha ana faragha yake, ambayo Katiba yetu inaitaja katika ibara ya 16. Mama lishe uliyempiga picha akiwa ameinama jikoni hakukupa ruhusa ya kuuza mgongo wake kwenye maonyesho kwa sababu tu hukuandika jina. Mwombe. Mwonyeshe kazi ikiisha. Aliyenichorea mzee alirudi kwake mara mbili, na jina alilizuia mzee mwenyewe.

Kwa wenye michoro majumbani, jambo la haraka. Kinywe hakipauki, kinachoharibika ni karatasi. Unyevu wa pwani huifanya ivimbe na kuota madoa, kwa hiyo kioo kisigusane na mchoro, pawe na kadi ya kuvitenganisha, na fremu isitundikwe kwenye ukuta unaopitisha maji. Karatasi ya bei rahisi hugeuka manjano ikikaa juani. Na msipulizie dawa ya nywele ili kinywe kisifutike, baada ya muda inaleta umanjano. Ipo dawa maalumu ya kazi hiyo.

Shangazi alikaa kwangu wiki mbili. Siku za mwanzo aliketi kwenye kiti kilichompa mzee mgongo. Baadaye nikaona amehamia upande wa pili. Jioni moja nilikuwa naandaa chai, nikamsikia akisema peke yake, "Kidole chake hiki kiliwahi kuvunjika."

Nikaacha birika nikaenda kutazama. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwenye kiungo cha juu, kimekwenda kombo kidogo, na kucha yake imepungua. Vikombe viwili au vitatu vya kivuli, si zaidi. Mchoro huo nilikuwa nao mwaka mzima.

"Kamba," shangazi akasema. "Baba yangu alikuwa nacho kama hiki. Kamba ya tanga ilikikamata." Akavuta kiti karibu na ukuta.